Saini Mbili kwa Mguu Mmoja

4 Machi

Mwanangu Fundi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananitesa kwenye ngazi, na ngazi za nyumba hii unazijua. Binamu yako amepata kazi kwenye duka la dawa. Amepewa koti jeupe na tayari ameanza kututibu magonjwa ambayo hatuna. Mkeo na mapacha hawajambo? Waambie Bibi Karani anauliza kama meno yameota au bado wanakula kwa ufizi.

Nakuandikia na sikupigii simu, na sababu utaisikia. Kwenye simu wewe ni mtu wa "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi", ukishakata unafanya lako. Miaka thelathini na moja nimekaa kibandani mbele ya mahakama nikiwachapia watu viapo na maombi yao, na nimeona jinsi watu wanavyoyaruka maneno ya mdomoni mchana kweupe. Kwa hiyo na wewe nijibu kwa karatasi.

Baba yako amelazwa wodi namba tatu tangu tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita. Ni mguu wa kushoto. Kidonda kilianzia kidoleni, akakifunga kwa kitambaa anachofutia brashi zake za rangi, akapanda ngazi kuandika bango la kinyozi. Siku ya tatu akashuka hana kiatu kinachomwingia. Unamjua Mzee Rangi. Sukari imepanda, homa inakuja na kuondoka, na kidonda kinanuka. Sikufichi, kinanuka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani amehamishia mto wake upande wa miguuni. Madaktari wanataka kuukata chini ya goti. Yeye amesema hapana.

Amelisema vizuri kabisa, mimi nikiwa nimesimama pale pale. "Nina miaka sitini na minane. Nilikuja na miguu miwili, nitaondoka nayo yote miwili, hata kama ni mapema." Daktari akamwambia ukikataa utakufa. Akajibu, "Nimesikia, daktari. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia hivyo hivyo kila nikipanda ngazi."

Tarehe ishirini na nane akaja daktari mwingine, kijana, macho mekundu, na karatasi ya maswali. Kumbe sheria inasema mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua anaruhusiwa kukataa matibabu, hata kwa sababu ambayo dunia nzima inaiona ya kijinga. Asiye na uwezo anaamuliwa. Na huo uwezo wa mtu mzima aliyelea, akazika, akaandika nusu ya mabango ya mji huu, unapimwa kwa maswali matano.

"Leo ni siku gani?" Baba yako akasema, "Ya kuoga, nimeliona beseni." "Hapa ni wapi?" "Kwenye foleni." "Mimi ni nani?" "Mwenye bucha, ila umesahau aproni." "Mia moja ukitoa saba?" "Hizo saba anapewa nani?" Swali la tano sikulisikia vizuri. Yule kijana hakucheka hata kidogo. Aliandika kwamba majibu hayahusiani na maswali na kwamba mgonjwa hana uwezo wa kuamua, akaenda kitanda kingine.

Sasa wanatafuta wa kumwamulia. Sheria yenyewe nimeitafuta, nimeisoma kibandani wateja wakinisubiri. Wa kwanza kwenye orodha ni mke au mume. Wa pili ni mtoto mkubwa. Wa tatu ni wazazi, wa nne ni ndugu wa tumbo moja. Yaani mimi ninayemfulia shuka zenye usaha, ninayemgeuza ubavu, niko nyuma ya watu watatu walioko makaburini na mmoja aliyeko mbali. Huyo mmoja ni wewe, na kwa kuwa mama yako hayupo, wewe ndiwe unayeongoza.

Watakuletea fomu. Usiisaini. Andika kwamba mgonjwa mwenyewe amekataa na wewe unasimama na neno lake. Nijibu haraka, tafadhali.

Ni mimi shangazi yako,
Karani


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imekunjwa kama iliyopita chini ya gari. Sisi hatujambo. Meno ya mapacha yameota, na mmoja ameshavunja lake kwenye bomba la bafuni. Mke wangu anakusalimu sana. Kazini tunabadilisha kamba za lifti kwenye jengo la ghorofa kumi na nne, na wapangaji wanatutukana kila wakipita na mizigo yao kana kwamba sisi ndio tuliowaambia wahamie juu.

Habari za Baba zimenisikitisha sana. Ila Shangazi, tusiwe wepesi wa kuwalaumu madaktari. Wale wana utaratibu wao. Homa ikipanda mtu husema asiyoyakusudia, na sidhani mtu mwenye akili zake angefanya mzaha anapoulizwa habari ya uhai wake. Labda kichwa kimechoka kweli. Wewe ulikuwepo, wewe ulionaje? Hao madaktari walikuuliza?

Kuja mwezi huu itakuwa ngumu. Msimamizi wetu hasikii la mtu mpaka kamba zote ziishe. Mpe Baba salamu zangu. Mwambie nimeona bango huku lenye herufi zinazopandiana migongo, nikamkumbuka.

Mwanao,
Fundi


27 Machi

Mwanangu,

Salamu. Nafurahi kusikia habari za meno. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu, nikakuta kamba za lifti. Umesaini au hujasaini?

Unaniuliza nilionaje. Kaka yangu namjua tangu alipokuwa akiramba maziwa ya unga kwenye kopo na kunisingizia mimi. Anapotania ndipo yuko timamu. Akiacha kutania ndipo mtu uanze kuogopa, na hilo hata wewe unalijua, maana kwenye maziko ya mama yako alimchekesha mchimba kaburi, halafu akaenda nyuma ya ua akalia mpaka akakaa chini.

Ngoja nikueleze mambo ya wodi namba tatu, na kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Tangu ile karatasi iandikwe, baba yako hasalimiwi. Wanapita madaktari sita, wanafunua shuka, wanaujadili mguu, wanafunika shuka. Wanamwita "mguu wa kitanda cha tano". Muuguzi ananiuliza mimi, "Amekula?", na huyo aliyekula au asiyekula ametukodolea macho, ana kijiko mkononi. Juzi alisema ana kiu. Muuguzi akanigeukia mimi nimthibitishie! Nikamwambia, "Mwanangu, hata mbuzi akilia bandani hatumwiti jirani aje kuthibitisha." Roho inanichafuka kila nikiingia mle ndani, na si kwa harufu ya kidonda. Kidonda kina haki ya kunuka.

Jumatatu alikuja mmoja na kalamu ya zambarau, akamchora mstari kwenye muundi kama fundi nguo anayepima suruali. Baba yako akatema mate kidoleni, akaufuta. Wakachora tena, akafuta tena. Sasa faili limeandikwa "msumbufu, haelewi hali yake". Umeona hiyo? Akikataa, ndiyo dalili kwamba hajui anachokataa. Angekubali, nani angemletea maswali matano? Wangemshukuru na kumpa kalamu.

Nimekwenda kwa mkuu wa wodi. Ana ofisi yenye kiyoyozi na ua la plastiki. Nikamuuliza kama kuna njia ya kupinga. Akasema ipo, akaitoa kwenye droo, karatasi safi ambayo haijawahi kuguswa. Ndugu anayeongoza orodha anaweza kupinga, ila lazima aje mwenyewe akae mbele ya kamati ya madaktari, ndani ya siku kumi na nne tangu apewe taarifa. "Na akikubali?" nikauliza. "Akikubali si lazima aje, mama. Anatuma saini tu."

Nimeshika sheria za kila aina kwa mikono hii, za talaka, za mipaka, za watu wanaogombania mbuzi. Sijawahi kushika iliyonitia kinyaa kiasi hiki. Kukubali mtu akatwe ni dakika moja ya kalamu, kukataa ni nauli na likizo na kubishana na watu sita waliovaa makoti. Waliotunga hii walijua wanachofanya.

Wanasubiri sukari ishuke ndipo wapange siku. Hata kama siku zako kumi na nne zimeshapita, njoo. Wakikuona mlangoni wataona haya. Mwambie huyo msimamizi wako kamba hazitakimbia.

Na hujanijibu. Umesaini au hujasaini?

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, huku tumekuwa na mambo mengi. Mapacha walipata surua, sasa wamepona na wanasukumana ukutani kama zamani. Mke wangu anasema upunguze chumvi kwa ajili ya magoti, sijui vinahusiana vipi.

Kuhusu Baba, nadhani tuwaachie wanaojua. Mimi nikiwa kwenye shimo la lifti sitaki mpangaji aniambie kamba ikae wapi. Tusubiri tuone.

Nimemtumia Baba soksi nzito, pea mbili, maana najua wodi ile ina baridi. Zitakuja na kifurushi.

Fundi


22 Aprili

Kwako,

Salamu za mapacha nimezipokea. Wengine wote hawajambo, isipokuwa mmoja.

Walimkata tarehe tisa, asubuhi. Mimi nilifika na chupa ya chai saa nne, nikakuta kitanda kitupu na godoro limefutwa kwa dawa. Nilidhani amekufa. Nilikaa kwenye benchi ya korido na ile chupa mapajani, hakuna aliyenieleza neno, mpaka wakamrudisha na shuka imelala bapa pale ambapo ilipaswa kuinuka. Alikuwa ameambiwa anapelekwa kusafishwa kidonda. Ndivyo sheria inavyoruhusu, asiye na uwezo anaelezwa "kwa kiasi atakachoweza kuelewa". Wao wakaona kiasi chake ni uongo.

Nikaomba nione idhini. Walinionyesha kwa mbali, lakini mimi kusoma karatasi iliyoko mkononi mwa mtu mwingine ndiyo kazi yangu. Saini yako naijua, nilikufundisha mimi kuiandika ulipofungua akaunti yako ya kwanza. Tarehe mbili Machi.

Mbili! Barua yangu ya tarehe nne ilikukuta umeshamaliza. Nilikuwa namsihi mtu asifungue mlango ambao ameshautoa na bawaba zake. Halafu ukanijibu habari za meno. Ukaniuliza kwa upole, "Wewe ulionaje?" Ukaniacha niandike kurasa mbili, ukijua. Bado ulikuwa unaweza kuja, kamati ilikuwepo, sukari ilichelewa kushuka kwa zaidi ya wiki tano. Ukatuma soksi.

Zimefika, soksi zako. Nimezipanga mezani, nne. Nimeziangalia, nikainuka, nikaenda kutapika kwenye sinki la jikoni, na sisemi hivyo kwa kukuza mambo. Binamu yako alinishika mgongo akidhani nimekula kitu kibaya.

Baba yako haongei. Amegeukia ukutani. Mgonjwa wa jirani alimtania kidogo ili amchokoze, hakugeuka. Wanasema kidonda kinapona vizuri. Wanalisema wakitabasamu, wanasubiri nishukuru.

Nilitaka kumaliza barua hii kwa kukuita jina fulani. Nimelichapa, nikalifuta.


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo naruka habari za nyumbani, utanisamehe.

Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki nzima. Nikafanya jambo ambalo sheria hiyo hiyo inaniruhusu, kwa kuwa mimi ndiye mwamuzi wake. Nikaomba nakala ya faili lote. Limekuja juzi. Nakutumia ukurasa wa tatu, ingawa sidhani kama unauhitaji.

Kuna kisanduku pale chini. "Ndugu wa karibu aliyekuwepo anathibitisha kwamba mgonjwa hawezi kuamua mwenyewe." Kimewekewa alama ya vema. Pembeni kuna saini yako. Juu ya saini kuna mhuri wa duara: KARANI, NYARAKA, VIAPO NA MAOMBI. Fomu nzima imejazwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, hakuna nafasi hata moja iliyoachwa, mpaka palipoulizwa "namba ya simu ya mwajiri" pameandikwa HAIHUSIKI. Ni nani mwingine katika nchi yoyote anayejaza fomu namna hiyo?

Mimi nilitumiwa kurasa hizi tarehe mbili, kwa mashine ya faksi ya ofisini, nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nikasoma. Nikaona mhuri wako. Nikasema, kama Shangazi Karani amethibitisha na kupiga mhuri, basi Baba ameshachanganyikiwa, yamekwisha. Nikasaini juu ya boneti ya gari la kazi. Siku nyingi baadaye inakuja barua yako, kwamba alikuwa anatania, kwamba nisisaini! Nilikuuliza kwa makusudi kama madaktari walikuuliza. Ukanisimulia maziwa ya unga. Unataka kutapika? Tapika, lakini usinipangie soksi mezani kama ushahidi wa mahakamani.

Hilo nimeshalisema. Sasa niseme na langu, maana nimechoka kunuka uongo.

Ningeweza kuja. Msimamizi angenipa siku saba, sikuwahi hata kumwomba. Simu ya hospitali ilipokuja mara ya kwanza, yule mama aliniambia yale yale uliyoambiwa wewe, ukikubali tuma saini, ukikataa njoo. Nilisaini ili nisije. Nilishukuru kwamba mhuri wako upo, ningeweza kujificha nyuma yake.

Unakumbuka Mama alipolazwa wodi ile ile, mimi ndiye niliyeshika beseni. Ile harufu ilinishinda. Nikaenda kwenye ngazi za nje, nikatapikia shati, nikaenda kulifua bombani, nikalikamua vizuri, nikalivaa likiwa limelowa. Niliporudi walikuwa wameshamfunika uso. Watu wote walidhani shati limelowa machozi. Wewe mwenyewe ulinisifu mbele ya watu kwamba nimemlilia mama yangu. Tangu siku hiyo nikisikia neno kidonda nasikia harufu, na nikijiona kwenye kioo najionea kinyaa. Haya, umeshajua.

Fundi


3 Juni

Mwanangu,

Salamu. Barua hii nimeianza mara nne. Mashine ya kuchapa imekaa mbele yangu wiki mbili kama mtu anayenidai neno.

Ni kweli, mhuri ni wangu.

Yule daktari kijana alikuwa na mwandiko wa kuku. Alipomaliza maswali akaiweka fomu kwenye miguu ya kitanda, akaanza kuijaza amesimama, anapinda mistari. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Lete mwanangu, nikusaidie, hii ndiyo kazi yangu." Akanipa kama aliyetuliwa gunia, akakaa ukingoni mwa kitanda akafumba macho. Nikajaza. Bado nilikuwa nacheka, na baba yako anacheka, tunacheka zile saba. Nikafika chini, nikakuta kisanduku kitupu. Miaka thelathini na moja nimewarudisha watu nyumbani, wajane, wagonjwa, watu waliotembea siku nzima, kwa sababu ya kisanduku kimoja kitupu. Nikaweka alama ya vema. Nikasaini. Mhuri ulikuwa kwenye mkoba, nikapiga na mhuri ili ipendeze. Sikusoma maneno yake, mimi ninayewagombeza watu wasome kabla ya kusaini. Nimeyasoma kwa mara ya kwanza siku ile nilipoipata sheria, na fomu yake imechapwa nyuma, tarehe tatu, nikakuandikia kesho yake nikakuachia wewe mzigo wa kukataa.

Na si hilo tu. Nilikuambia swali la tano sikulisikia vizuri. Sikulisikia kwa sababu nilikuwa nacheka. Baada ya barua yako nilimvizia yule kijana getini, nikamuuliza lilikuwa lipi. Akakumbuka mara moja. Alimuuliza, "Unaelewa kwamba bila kukatwa utakufa?" Baba yako akamjibu, "Ndiyo, naelewa, na nimekubali." Bila mzaha wowote. Lakini mizani yao inataka matatu kati ya matano, na mengine manne alikuwa ameshayachezea ili anifurahishe mimi. Nikamuuliza yule kijana kwa nini hakusimama hapo kwenye la tano. Akasema, "Mama, ndugu yake mwenyewe alikuwa anathibitisha."

Sasa nakunywa chai naiona chungu. Nimeiacha kazi ya kibandani wiki mbili, watu wanagonga, siwafungulii.

Habari nyingine ni hii. Homa iliisha kabisa. Tarehe ishirini Mei akaja daktari mwanamke, mtu mzima, akavuta kiti akakaa kabla ya kuuliza chochote. Akamuuliza maswali yale yale. Baba yako akataja siku, tarehe, mwezi, jina la hospitali, jina la wodi, cheo cha daktari, tisini na tatu. Akajibu kama mtoto anayejibu mtihani, anaangalia mbele. Sikuwahi kumsikia kaka yangu akijibu maswali matano mfululizo bila kutania, na nisingependa kusikia tena. Daktari akaandika kwamba uwezo wake ni kamili, na yale ya zamani yote yanafutwa, mimi na wewe ndani yake.

Baba yako akamuuliza kama kuna fomu ya kumtaja mtu wa kukusemea siku ukizidiwa tena. Ipo. Akaletewa. Nikajisogeza, nikaweka sawa miwani, nikadhani nitasikia jina langu. Akamtaja mama wa usafi.

Huyo ni mwanamke anayepiga deki wodi namba tatu, si ndugu yetu, hata jina lake la pili alimuuliza pale pale ili aliandike. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikadhani Mzee Rangi amerudi. Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza, "Kaka, kwa nini yeye?" Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa. "Huyu kabla ya kusogeza ndala yangu ananiuliza, hata sasa imebaki moja." Akageukia ukutani.

Kuhusu shati la mama yako, sina la kukulaumu. Ningekuwa na pa kufulia langu ningelifua.

Shangazi yako


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma. Sina hasira tena, au imehamia kwangu yote.

Nimeomba likizo, nimepewa siku kumi papo hapo, msimamizi akanishangaa kwa nini sikuomba mapema. Naweza kuwa hapo tarehe ishirini na nane. Mke wangu amenifungia dawa ya kunusa ndani ya leso, nimeitoa kwenye begi.

Lakini safari hii sitaki kumfanyia Baba jambo bila yeye kulijua. Nakuomba uende ukamuulize kama anataka nije. Akisema hapana, nitakaa. Muulize kwa maneno hayo hayo, tafadhali, na uniandikie atakavyojibu.

Fundi


21 Juni

Mwanangu Fundi,

Salamu. Nimekwenda jana, na leo nakuandikia kabla sijatafuta namna nzuri ya kusema.

Mlango wa wodi sikuingia. Muuguzi alisema jina langu halimo kwenye karatasi mpya, nisubiri. Nikakaa kwenye ile benchi. Akatoka mama wa usafi, anajifuta mikono kwenye gauni. Ni mtu wa adabu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole. Nikampa swali lako kama ulivyoliandika. Akaingia nalo, akakaa sana, akatoka.

"Mzee anasema mwanawe aje akitaka. Kitandani asifike. Korido ni ya watu wote."

Nikasema sawa, nitamwandikia. Kupitia mlango uliobaki wazi nilikuwa naona kitanda cha tano na mguu wa kulia nje ya shuka, vidole vyake vyeusi kama vilivyokanyaga lami mbichi, na madaktari wawili wameinama. Safari hii walikuwa wanaongea naye. Midomo yake ilikuwa inacheza, anawajibu, mkono unapanda na kushuka kama zamani. Nikainua shingo nisikie, sikuambulia neno.

Nikamuuliza yule mama, "Na huo wa pili? Wanataka kuukata? Yeye amesemaje, amekubali au amekataa?"

Akaangalia sakafu aliyotoka kuipiga deki. "Mama, nisamehe. Hilo mzee amenikataza kuwaambia nyinyi wawili."

Nilitaka kumsukuma niingie. Nilitaka kumwambia mimi ni dada yake wa tumbo moja. Nikakumbuka ni wa ngapi.

Kwa hiyo njoo tarehe ishirini na nane. Tutakaa kwenye benchi, mimi na wewe, mpaka mtu atoke atuambie kama bado yupo.

Shangazi yako,
Karani